Mkoba wa Mguu wa Kuku

Mwanahija hakuja Guangzhou, China, kuomba ruhusa ya mtu. Alikuja kununua vitambaa vya duka lake la Buguruni, na safari hii alikuwa na kazi moja zaidi: kupata mkoba wa kubebea bastola ya marehemu baba yake.

Bastola yenyewe ilikuwa Dar, ndani ya sefu. Ilikuwa ya kizamani, ya risasi sita, mtutu mrefu, mpini wa mbao uliong'aa kwa jasho la mzee. Kibali kilishatoka kwa jina la Mwanahija, lakini ufunguo wa sefu alikuwa nao kaka yake, Othman, ambaye tangu mzee afariki alijifanya mwenye kila kitu chenye uzito katika nyumba ile. Mwaka jana majambazi walimvizia Mwanahija akifunga duka, wakamvunja mkono na kuondoka na pochi. Mkono ulipona vibaya. Mpaka leo haunyooki. Othman alikuja hospitali na machungwa, akamshauri auze duka. Aliposikia habari ya bastola, akacheka.

"Dude lile litaingia mkoba gani? Mtutu utachungulia nje kama mwiko. Ukipata mkoba wa kulibeba, nakupa ufunguo, sina neno. Usipopata, niachie mimi."

"Sawa, kaka," Mwanahija alijibu, na moyoni alikuwa anachemka.

Sasa alikuwa Kangle, kwenye vichochoro vya mafundi karibu na masoko ya vitambaa ya Zhongda, amekaa mbele ya cherehani ya mama mmoja ambaye wateja wote walimwita Laoban, yaani bosi. Kando yake alikaa Imelda, mwanafunzi kutoka Moshi, aliyekuja kumtafsiria. Mwanahija akakunjua karatasi ya kaki. Kabla ya kusafiri alimfanya Othman afungue sefu kidogo, akailaza bastola juu yake na kuizungushia penseli.

Imelda akashtuka. "Dada, hii umetembea nayo barabarani? Huku hata bastola ya kuchezea ni kesi."

"Basi mwambie ni mguu wa kuku."

Ndivyo watu wa Dar wanavyoiita bastola. Imelda, kwa woga, akatafsiri neno kwa neno. Laoban akaigeuza karatasi huku na huku, akaona paja, akaona goti, akacheka sana, kisha akauliza jambo.

"Anasema kuku wenu ni wakubwa," Imelda akasema. "Anauliza, kwani kwenu miguu ya kuku haipo, mpaka uitoe huku?"

"Mwambie uko huko huko nyumbani. Ni wa marehemu baba."

Imelda akatafsiri. Kicheko cha Laoban kikaisha. Akaweka mkasi chini, akazungumza polepole.

"Ameelewa unampelekea baba kaburini," Imelda akanong'ona. "Wao huwapelekea wazee wao chakula. Anasema atakushonea vizuri, maana baba yake naye alipenda miguu ya kuku."

Mwanahija akaona haya. Alitamani kusema kweli, lakini kweli ingemtia Imelda matatani. "Xiexie, Laoban," akashukuru.

Kesho yake mkoba ukawa tayari: mweusi, mkanda mpana, wa kubeba hata harusini. Ndani Laoban alishona mfuko wa umbo lile lile la karatasi, akautandika kitambaa kizito cha kufutika ili mafuta ya kuku yasipenye. Mwanahija akapitisha vidole, akatabasamu. Bastola ile ilivuja mafuta kila iliposafishwa. Ilishaharibu kanzu kadhaa za mzee. Yeye mwenyewe asingekumbuka kuagiza hilo.

Akampigia Othman simu ya video. Mbele ya macho yake akachukua kipande cha boksi alichokikata Laoban kwa kipimo cha mchoro, akakitumbukiza, akafunga zipu. Hakuna kilichochungulia.

Othman akatazama, akakuna kidevu. "Haya, imeingia. Lakini nakujua wewe. Siku ikifika, utaogopa."

"Nitaogopa," Mwanahija akasema. "Mwaka jana pia niliogopa, kaka, mikono mitupu, wakanivunja. Toa ufunguo uweke mezani. Nikitua naupitia."

Othman akaanza kusema jambo. Mwanahija akakata simu, akauvaa mkoba upande wa mkono usionyooka, akaenda kuchagua vitambaa.