Jarida Lisilotoka Maktabani

Ng'ombe wa mahari yangu waliwekwa karantini Kwaresima ikiwa karibu kuingia, na aliyewaweka ndiye niliyekuwa nikimpikia chai.

Bwana Liberatus alikuwa bwana mifugo wa pale Rujewa. Mimi, Verediana, nilifagia ofisi yake, nikachemsha chai, nikanyamaza. Kazi hiyo ya tatu ndiyo niliyoiweza kuliko zote. Nilikuwa nimeishia darasa la tano, na mbele ya watu wenye suruali za kupigwa pasi sauti yangu ilikimbilia tumboni.

Ng'ombe wenyewe walikuwa wa mzee Budeba, Msukuma aliyehamia Usangu na mifugo yake yote, baba wa mchumba wangu Faustin. Mwaka ule wa sabini na saba mvua zilichelewa, na ng'ombe wakaanza kuchechemea na kukauka ziwa, maziwa yasitoke kabisa. Bwana Liberatus aliwatazama kwa mbali, maana viatu vyake vilikuwa vipya, akasema, "Hawa hawatoki hapa mpaka nijue kama wanaambukiza."

Baba yangu, mzee Kalinga, alikuwa akiwasubiri Kihesa, mjini Iringa. Kanisani tulikwisha kutangazwa mara mbili. Kwaresima ikiingia, ndoa haifungwi, na baba alikwisha kusema kwamba Pasaka ni mbali. Tena kule Ilula kulikuwa na mchuuzi wa nyanya aliyefiwa na mke, ambaye ng'ombe wake hawachechemei.

Bwana Liberatus alijua jibu liko wapi. Lilikuwa katika jarida moja la kitaalamu, ndani ya maktaba ya chuo kikuu alikosoma. Akaandika kuliomba. Akajibiwa kwamba majarida hayaazimwi. Husomwa humo humo ndani, tena na mwenye kitambulisho. Yeye kitambulisho chake alikirudisha siku aliyohitimu. Basi alipokuwa hajui kitu alikuwa na haki ya kusoma, na alipokabidhiwa ng'ombe wa watu haki hiyo ikaisha.

Ikabaki redio ya upepo. Kila asubuhi ofisi za mifugo ziliitana kwa redio: Mbeya, Njombe, Iringa, na sisi. Chuo nacho kilikuwa na chombo chake, katika chumba kinachopakana na maktaba. Bwana Liberatus akamwita karani wa maktaba, Saulo, akamwamuru kwa Kiingereza. Saulo akamjibu kwa Kiswahili, taratibu kabisa.

"Jarida halitoki, bwana. Ova."

"Nipe basi zile kurasa tu. Ova."

"Kurasa zimeshonwa kwenye jarida, bwana. Ova."

Hapo ndipo nilipoingia na birika. Nikasema, "Chai tayari, mzee," na kidole chake kilikuwa bado kimebonyeza kitufe cha kusemea.

"Nani huyo? Ova," Saulo akauliza.

"Binti wa ofisini. Mhehe mmoja tu. Ova."

"Mhehe! Na muda wote huo unanificha? Mimi Mgogo, bwana. Mpe chombo. Ova."

Wagogo na Wahehe ni watani: wao hutuita wala mbwa, sisi huwaita ombaomba. Mtani humwonei haya, hata ukiwa mtu wa haya namna gani. Ukimnyamazia umeshindwa, na aibu hiyo si yako peke yako, ni ya ukoo mzima. Nikakishika chombo kwa mikono miwili.

"Kamwene, mla mbwa!" redio ikanisalimu kwa Kihehe. "Leo mmechinja? Ova."

"Tumechinja, mtani," nikasema. "Paja tumekuwekea, tukajua Mgogo hakosi kupita kuomba. Ova."

Mtu wa Njombe alibonyeza chombo chake makusudi ili sote tusikie anavyocheka.

"Mbona leo anayeombwa ni mimi? Ova," akasema Saulo.

"Ndiyo maana umeshindwa. Kuomba mnajua, kutoa hamjafundishwa. Ova."

Bwana Liberatus alinitazama kana kwamba birika ndilo lililosema.

"Wahehe mna mdomo," akasema Saulo. "Sasa sikiliza. Sheria inasema jarida lisomwe ndani, na mwenye kitambulisho. Mimi niko ndani, na kitambulisho ninacho mfukoni. Nikilisoma kwa sauti humo maktabani, na waya wa chombo ukinifikia kupitia mlango huu, nimevunja nini? Ova."

Akaanza kusoma.

Hivyo jarida halikutoka maktabani hata hatua moja. Lilisikika tu kutoka Mbeya hadi Iringa. Bwana Liberatus aliandika mpaka chai ikaganda utando, na usomaji ulipofika katikati akasema, "Inatosha. Yaliyobaki ni majedwali ya hesabu. Ova." Ugonjwa haukuwa wa kuambukiza. Ni majani fulani ya mbugani, ambayo huota mvua zikichelewa. Siku ile ile akaandika kibali cha kusafirisha ng'ombe, na jioni Faustin alipita dirishani akipiga mluzi.

Lakini redio haina siri. Karani wa redio wa Iringa alikuwa Kasian, mtoto wa shangazi yangu, aliyemwita baba mjomba, na Kasian hakuwahi kulala na habari tumboni.

Kesho yake Bwana Liberatus alikuwa ameondoka mapema kwenda kwenye josho. Nilikuwa nafagia chini ya meza.

"Rujewa, Rujewa, hapa Iringa. Ujumbe kwa Verediana. Mjomba anasema amesikia kwamba majani yale hukausha ziwa. Anasema hapokei ng'ombe waliokaushwa na chuo kikuu. Na yule bwana wa Ilula alikuja jana na kikapu cha nyanya. Ova."

Nilisimama na fagio. Mwenye ruhusa ya kugusa chombo hakuwapo, na Jumapili ya tangazo la mwisho ilikuwa inakuja. Nikabonyeza.

"Chuo, chuo, hapa Rujewa. Namtaka mtani wangu. Ova."

"Mla mbwa! Umeleta paja? Ova."

"Mtani, leo sina utani. Jana ulikatizwa. Yale majedwali yanasema nini? Ova."

"Ni hesabu tupu, dada. Hata mimi yananipa usingizi. Ova."

"Nisomee, kaka. Kwa Kiswahili. Na taratibu, maana Iringa wanasikiliza. Ova."

Nikasikia akikohoa, na karatasi zikifunuliwa. "Ng'ombe waliokula majani. Wakahamishwa malisho. Wakapata ndama mwingine." Akafunua ukurasa. "Ziwa likarudi. Huyu limerudi. Na huyu. Huyu alikufa, lakini hapa pameandikwa aligongwa na lori. Waliobaki wote limerudi. Ova."

"Rudia hapo pa kurudi. Ova."

Akarudia. Halafu nikasikia sauti ya Mbeya ikisema, "Rudia na la lori," na mwingine akimwambia anyamaze, watu wana shida zao.

"Iringa umesikia? Ova," nikauliza.

"Iringa nimesikia," akajibu Kasian. "Nakwenda sasa hivi kwa mjomba. Ova na kwaheri."

Lori la mpunga liliwashusha ng'ombe Kihesa siku moja kabla ya ndoa. Baba aliinama, akashika chuchu, akakamua. Halikutoka hata tone. Jirani mmoja akacheka kwa pua.

"Unacheka nini?" baba akamuuliza. "Wewe umesoma majedwali? Ndama ajaye, ziwa linarudi. Wenzako wamehesabu!"

Tukafunga ndoa Jumamosi, majivu ya kuanza Kwaresima tukapakwa Jumatano. Bwana Liberatus alikuja harusini, akakaa karibu na baba, akamweleza kwa upole kwamba mambo hayo bado hayana uhakika, na kwamba kitaalamu ng'ombe wale huenda wasitoe maziwa tena.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjazia ulanzi.

"Kunywa, bwana," akamwambia. "Wewe uliishia katikati."