Bakuli Lililooshwa Vizuri Mno

Mkwe wangu Chinatsu ni mtoto wa watu wazuri wa Osaka, na mpaka leo sijamsikia mtu akimsema vibaya. Alikuja kwetu Hagi kwa likizo ya Agosti, mume wake, yaani mwanangu Masafumi, akabaki kazini. Kwa siku mbili nyumba iling'aa kana kwamba haijawahi kukaliwa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilifungua kabati nitoe bakuli langu la chai. Halikuwemo.

"Lipo jikoni, Baba," akasema kwa furaha. "Lilikuwa chafu, jamani! Chai imeganda mpaka kwenye nyufa. Nimeliloweka tangu jana kwenye dawa ya kung'arishia nguo. Njoo ulione!"

Nilikwenda kuliona. Lilikuwa jeupe kama yai lililomenywa.

Hapa kwetu bakuli la chai hulelewa. Lina upande wa mbele na wa nyuma, na mgeni hugeuziwa wa mbele kwa heshima. Udongo wake ni laini, nao hunywa pamoja na wewe. Chai hupenya nyufa zilizo nyembamba kuliko nywele, na rangi hubadilika polepole, mwaka hadi mwaka; watu husema itabadilika mara saba. Langu lilifinyangwa na Onizuka Tansai, aliyefariki kabla sijapata mshahara wangu wa kwanza wa utarishi. Nililinunua mwaka Masafumi alipoanza shule, likiwa tayari na rangi ya pichi kutoka kwa mwenyewe wa kwanza. Nimelinywea miaka ishirini na minne bila kukosa, hata siku niliyomzika mama. Lilikuwa limefika badiliko la tano: wekundu wa shavu la mtoto, na madoa ya kijivu kama dari inayovuja.

Na zilikuwa zimebaki siku tisa.

Chama chetu kina wazee watano. Kila mwisho wa kiangazi tunachagua bakuli moja likae msimu wa majani mekundu kwenye kabati la kioo pale maktaba ya mji, na kadi yenye jina la mwenyewe. Maktaba ile ndiyo iliyonifundisha. Nilikuwa nikimaliza kugawa barua, nikapanda ghorofani kwenye darasa la jioni, nikashuka kusoma mpaka mlinzi azime taa. Jina langu halijawahi kuandikwa mle ndani ila kwenye daftari la kuazimia vitabu. Kwa miaka minne mfululizo kadi ilikuwa ya Kubouchi, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye naye ana bakuli la Onizuka. Mwezi wa sita nilimwambia mbele ya wote kwamba langu limelipita lake.

"Bwana Ogushi," akanijibu, "bakuli halikimbizwi kama barua."

Safari hii uchaguzi ungefanyika nyumbani kwangu.

Mke wangu Tazuko aliingia jikoni, akalitazama bakuli, akatoka. Nilimsikia akicheka nyuma ya mlango wa karatasi. Chinatsu alipoelezwa alichokifanya alipiga magoti sakafuni, akalia hadi nikamwonea huruma. Nikamwambia anyanyuke, achemshe maji.

Kwanza tulilichemsha bakuli mara sita kutoa harufu ya dawa. Kisha nikaanza kunywa. Siku ya kwanza, mabakuli ishirini ya chai nzito ya unga. Siku ya pili, thelathini. Siku ya tatu mikono ilitetemeka, chai ikawa inajikoroga yenyewe.

"Baba Masafumi, utakufa," akasema Tazuko. "Nitawaambia watu nini? Kwamba mume wangu kauawa na bakuli?"

"Basi nisaidieni!"

Wakanisaidia, ingawa Tazuko ni mtu wa kahawa na alikunja uso kila mara kama aliyenyweshwa mwarobaini. Siku ya tano Chinatsu akaja na wazo.

"Baba, kwa nini tusilitumbukize kwenye sufuria ya chai, tulichemshe mchana kutwa? Si litashika rangi?"

"Mwanangu! Hayo ni mambo ya matapeli wa minadani. Bakuli hunywewa. Halipikwi."

Nilisema kwa ukali, na nilimaanisha. Ni kweli kwamba siku ya saba simu iliita nikiwa nimelijaza, nikaenda kuzungumza na shemeji yangu wa Shimonoseki kwa saa mbili na nusu, mtu ambaye kwa kawaida namaliza naye kwa dakika tatu. Lakini hiyo ilikuwa simu.

Siku ya tisa lilikuwa na rangi. Ya majani makavu hafifu, imejikusanya zaidi chini, pale chai ilipotuama. Wazee wakaja, wakaketi. Kubouchi alilitoa lake kwanza, watu wakaguna kwa heshima. Kisha akalichukua langu kwa mikono miwili, akaligeuza, akalisogeza puani.

"Bwana Ogushi. Hii rangi ina umri gani?"

Ningeweza kusema lolote. Lakini ningejua kila nipitapo mbele ya kile kioo.

"Siku tisa," nikasema. "Mkwe wangu aliliosha."

"Aliliosha kwa kitu gani?"

"Kwa dawa ya nguo."

Nilingoja kicheko. Yasumoto, daktari wa meno, mkubwa wetu kwa umri, alijivuta mpaka karibu na bakuli, akavaa miwani.

"Hebu, lilipotoka kwenye dawa, lilikuwaje?"

"Jeupe. Na kijivu kidogo ukingoni."

"Hakuna wekundu?"

"Hata chembe."

Wote wakamgeukia Kubouchi, ambaye kwa miaka kumi ameandika katika jarida letu kwamba Onizuka aliyatoa mabakuli yake tanurini yakiwa na rangi ya waridi. Masikio yake yakawa na rangi hiyohiyo.

"Hakuna kati yetu aliyewahi kuliona la Onizuka likiwa vile alivyoliona mwenyewe," akasema Yasumoto. "Yote tumeyakuta yameshanywewa na watu. Wewe ulikuwa nalo mkononi! Ungeliacha hivyohivyo, ningelipigia kura. Sasa umelijaza chai, mjinga wewe!"

"Na mimi ningelipigia," akasema mwingine.

Mlango ukasogea. Chinatsu aliinamisha kichwa mpaka kwenye mkeka.

"Baba, dawa imebaki nusu chupa. Naweza kuliosha tena, kesho litakuwa tayari."

Wakanitazama. Kubouchi peke yake alitazama bustani. Niliiona kadi akilini, jina langu, wino mweusi. Kisha nikalitazama bakuli na ile rangi yake hafifu, chafu kidogo, ambayo ilikuwa imenikosesha usingizi juma zima na kumfanya mke wangu anywe chai.

"Hapana," nikasema. "Nimeshaanza."

Bakuli la Kubouchi likachaguliwa kwa mara ya tano. Alishukuru kwa maneno machache, jambo lisilo kawaida yake. Kisha akakohoa.

"Nina miaka sabini na tisa, sijawahi kunywea la Onizuka likiwa changa. Ungeniruhusu, Bwana Ogushi?"

Nikamwambia aketi angoje zamu yake. Alianza Yasumoto, kisha wengine, kisha Chinatsu. Kubouchi nilimpa wa mwisho, na nilimgeuzia upande wa nyuma.