Mara Saba Katika Kumi

Mwaka 1956 Bi Mwantumu alikuwa na meza ya mchele sokoni Mbeya. Kwa miaka mitatu, kila alipofunga biashara, aliandika daftarini, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani, kama bei imepanda, imeshuka au imesimama. Hakuwa mganga. Alihesabu tu, akaona kwamba bei ikipanda siku mbili mfululizo, siku ya tatu hupanda tena mara saba katika kumi.

Mwezi wa kumi Gideoni, mkulima wa Chimala, alileta magunia manane ya mchele. Alitaka mabati ya kuezekea nyumba kabla ya mvua.

"Bi Mwantumu, wanasema unaijua bei ya kesho."

"Siijui, Baba Lea. Imepanda jana, imepanda leo. Mara saba katika kumi, kesho itapanda."

"Basi nangoja."

Asubuhi malori matatu ya mchele yaliingia kutoka Igawa. Kufika adhuhuri bei ilikuwa imeanguka vibaya. Gideoni akauza hivyo hivyo, akapata nusu ya mabati, akapita mbele ya meza ya Bi Mwantumu bila salamu.

Bi Mwantumu angeweza kujitetea. Lakini zile saba alizitamka, zile tatu hakuzitaja kabisa.

Wiki iliyofuata alipanda lori hadi Chimala. Alimkuta Gideoni juu ya paa, upande mmoja bati, upande mwingine nyasi. Aliposhuka, Bi Mwantumu alitia kibuyuni maharage saba na punje tatu za mahindi.

"Chomoa moja bila kutazama, kisha uirudishe."

Harage. Tena harage. Mara ya tatu ikatoka punje ya mahindi. Gideoni aliitazama kiganjani.

"Kumbe hukunidanganya."

"Sikukudanganya. Ila hizi tatu sikukwambia. Nisamehe."

Gideoni akairudisha kibuyuni, akasema, "Ningezijua, ningeuza manne siku ile, manne yakangoja."

Bi Mwantumu alishtuka. Miaka yote yeye aliuza mchele wote au aliuzuia wote.

"Hebu rudia, baba."

Akarudia, na mkewe Tusekile akawaletea wali.

Msimu uliofuata Gideoni alileta magunia kumi na mawili. Aliuza sita; kesho yake bei ikapanda, akauza sita mengine, akaondoka Mbeya na mabati ya upande uliobaki, akimpungia Bi Mwantumu mkono toka juu ya lori.