Kura ya Meza za Bati

Mzee Sadallah alinitia kinyaa tangu siku ya kwanza. Anatafuna tambuu mchana kutwa, na ukimwamkia shikamoo anakujibu marahaba huku mate mekundu yanakurukia miguuni. Lakini ndiye aliyekuwa msimamizi wa soko letu dogo la Temeke, na mwaka ule wa hamsini na mbili ndiye aliyetupigia kura ya meza mbili zilizo chini ya bati. Wapika vitumbua tulikuwa sita. Wawili wanakaa pakavu mwezi mzima, wanne tunanyeshewa. Masika yalikuwa yamenizimia jiko mara tano, na unga ukishaingia maji ni wa kumwaga, na nyumbani watoto wanangoja.

Kila mwezi unapoandama anaandika majina sita kwa herufi za Kiarabu, ambazo sote tulizisoma chuo cha Kurani. Anakunja karatasi, anazitia kofiani, tunasoma Fatiha, anafumba macho na kuchomoa mbili. Ikishasomwa Fatiha, nani atafungua mdomo? Miezi mitatu mfululizo wakatoka Chausiku na Tabu, wapangaji wake.

Nikaenda nyumbani, nikapanga vifuu sita sakafuni. Cha kwanza nikakioanisha na vitano vilivyobaki, cha pili na vinne, cha tatu na vitatu, hivyo hivyo hadi mwisho. Jozi kumi na tano. Jozi ya Chausiku na Tabu mara tatu ni bahati moja katika elfu tatu mia tatu sabini na tano.

"Miezi hiyo ni karibu miaka mia tatu, Salumu," nikamwambia mume wangu. "Mzee anatula kweupe."

"Sasa we utafanyaje, na Fatiha ishasomwa?"

"Mie? Ntamtazama vidole."

Mwezi wa nne nikamtazama. Karatasi nne alizikunja vivi hivi. Mbili alizikunja baada ya kulowesha vidole mdomoni. Siku zote tulidhani ni uchafu wake tu, kumbe anapapasa penye mate! Fatiha nikaiacha katikati.

Kabla hajatia mkono nikampokonya kofia, nikaimwaga mezani. Karatasi nne nyeupe, mbili zina wekundu wa tambuu.

"Tazameni! Mate yake haya! Mwajabu, hebu zisome."

Mwajabu, mwenzetu mwingine, akazishika kwa ncha za kucha. Akafungua ya kwanza.

"Chausiku."

Watu wakaguna. Akafungua ya pili, akanitazama.

"Hamisa."

Hamisa ni mimi. Nikamgeukia Salumu, aliyekuwa ameniletea kuni. Alikuwa anatazama makubadhi yake.

"Jana nlimpelekea jogoo," akasema. "Ulikuwa unalowa, mke wangu."

Nilimchukia. Nikajichukia zaidi, maana jicho langu bado lilikuwa kwenye ile meza. Tabu akatema mate chini, karibu na mguu wangu.

Mzee Sadallah akaandika upya, tukasoma Fatiha upya. Safari hii karatasi zilikuwa tano, jina langu halimo. Jozi kumi, nilizihesabu nikiwa nimeinamia jiko langu, mvua inaninyeshea mgongoni.