Bega la Mkwe wa Masele

Mimi mgonjwa namsoma tangu mlangoni. Wenzangu chuoni niliwaambia vipimo ni vya wauguzi wenye macho mabovu. Wakacheka, nikajua ukweli umewachoma.

Basi nikapelekwa mafunzo ya vitendo kwenye kituo kimoja cha afya, barabara ya kwenda Mwese. Asubuhi moja akaletwa Hana, mke wa watu lakini bado binti kabisa, kwa pikipiki ya baba mkwe wake, mzee Masele. Aliposhuka alipiga goti kumpisha mzee atangulie, kisha akachelewa kuinuka. Nikasema moyoni, adabu hizi za Kisukuma zitamaliza magoti ya watu.

"Unaumwa wapi, dada?"

Akatazama chini. Mzee alikuwa kasimama hapo hapo, kofia mkononi.

"Bega."

"La kubebea ndoo au la kumbebea mume?"

Mzee Masele akageukia ukutani. Hana hakucheka. Nikamwonyesha benchi asubiri, maana bega halijawahi kuua mtu.

Jirani yake kwenye benchi alikuwa Joséline, mama wa Kirundi aliyeleta mtoto mwenye homa. Sijafika mbali akaniita.

"Dokta, huyu ananiangukia."

"Usingizi huo, mama. Pikipiki inachosha."

Nikamshika Hana kwapani nikamwinua. "Kaa wima, dada." Mkono wake ulikuwa wa baridi, una jasho. Nikaona ni baridi ya milimani tu, nikaenda zangu.

Sista Getrude, mkuu wa zamu, alitoka chumba cha vidonda akauliza yule ana nini.

"Bega, sista. Kazi za shamba."

"Aligongwa? Alianguka?"

"Hajasema."

"Ulimuuliza?"

Hakungoja jibu. Alimshika Hana kifundo cha mkono, macho kwenye saa yake, halafu akavuta kope la chini. Ndani palikuwa peupe. Sura ya sista ikabadilika.

"Baba, tupishe kidogo, ukakae kwenye pikipiki."

Mzee alitoka upesi, kama mtu aliyekuwa anaomba aambiwe hivyo. Tukamwingiza Hana chumbani, na mlango ulipofungwa tu akashika chini ya kitovu.

"Ni huku. Na siku zangu zimepita, sijaziona."

"Sasa mbona ulisema bega?" nikauliza.

"Na bega linauma kweli. Tumbo la huku ningelitajaje mbele ya baba?"

Sista akaminya tumbo taratibu. Hana akauma kanga yake.

"Mlaze chali, inua miguu," sista akaniambia. "Nahofia mimba imetunga nje ya kizazi na imepasuka. Damu ikijaa tumboni, maumivu yanapanda mpaka begani."

Presha ilikuwa chini sana, tukarudia kupima, ikawa chini zaidi. Mshipa niliutafuta nikaukosa. Sista akaupata, akafungua dripu ikimbie, akahamia mkono wa pili. Hana aliomba maji.

"Hapana, mwanangu. Hospitali ya Mpanda watakupasua, tumbo liwe tupu."

Mlango ukafunguliwa kwa ajili ya machela. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa anawasha injini. Sista, mikono yote imeshika sindano, akanielekeza kwa kidevu nishike simu aliyokuwa ameipiga hospitali. Daktari wa Mpanda alikuwa kwenye spika.

"Amezimia wakati wowote? Semeni ukweli, nijue niwaite watu wa damu sasa hivi au nisubiri nimwone."

"Hapana, dokta," nikasema. "Alipofika tu tulimlaza. Amekuwa na fahamu muda wote."

Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hana alikuwa kafumba macho, midomo imepauka.

"Dokta wa kwenye simu."

Ni Joséline, mtoto mgongoni, tayari kavuka kizingiti. Alinipita kama upepo, akainamia simu mkononi mwangu.

"Waite hao watu wa damu. Huyu binti kazimia pale benchini, kanilalia mapajani kabisa. Kijana huyu huyu anayeongea na wewe ndiye alimwinua, akamwambia akae wima."