Gari Lililokufa Kwanza

Mzee Antoine alitaka kitu kimoja tu: afie Kalundu, kule Uvira, ndani ya nyumba yake, karibu na bandari alikobeba mizigo mpaka mgongo ukagoma. Madaktari walikuwa wamesema ukweli bila kuuzungusha, kwamba dawa zimefika mwisho wake. Sasa alikuwa amelala kwa dada yake Florentine, huko juu Lemera. Hakuhitaji mengi. Alihitaji gari la kumteremsha.

Bahati mbaya, watoto wake wa kiume walikuwa na magari mawili.

Achille, yule mkubwa, alikuwa ameagiza kutoka Dubai gari la umeme mtupu, jeusi, refu, lisilojua hata harufu ya petroli. Gédéon hakupata usingizi mpaka naye akaleta lake: jeupe, viti vya ngozi, la kuchomekwa kwenye umeme kama simu, ila lina pia tangi la petroli kwa siku ambazo umeme umekatika. Na Uvira umeme hukatika unavyotaka wenyewe. Tangu hapo ndugu hawa hawakuwa na mazungumzo mengine. Kwenye matanga, kwenye ubatizo, mlangoni mwa kanisa, ni gari na gari. Jolie, dada yao mdogo, alikuwa amechoka nao kabisa.

Padri alijitolea kutoa jeep ya parokia imchukue mzee. Wote wawili walikataa, na ndilo jambo pekee walilokubaliana mwaka huo.

"Papa apande jeep ya mapadri, na minye niko na gari?" alisema Achille, wamesimama uani kwa Jolie, mtaa wa Rugenge. "Ya kwangu haina kelele. Atalala mupaka Kalundu."

"Atalala mu njia," akajibu Gédéon. "Courant ikiisha kule mulimani utachomeka wapi, mu muhogo? Ya kwangu iko na vyote viwili."

"Yako haijijui. Nusu simu, nusu groupe."

"Na weye? Si groupe ndiyo iko inachaji yako? Groupe inakunywaka nini, maji?"

Hilo lilikuwa kweli. Umeme ulikuwa haujarudi mtaani, na nyuma ya nyumba ya Achille hilo groupe, yaani jenereta, lilinguruma mchana kutwa, likinywa petroli ili kulisha gari lisilokunywa petroli. Majirani walikuwa wanakuja kutazama. Jolie angecheka, kama aliyekuwa anangoja asingekuwa baba yake.

"Yaya, twende na yoyote," Jolie aliwaambia kaka zake. "Papa hana siku za kungojea."

Wakaenda na yote mawili. Jolie alimpigia shangazi simu kwamba wanakuja, mzee avalishwe. Kisha akaketi kiti cha nyuma kwenye gari la Gédéon.

Kwenye tambarare ya Ruzizi mambo yalienda vizuri, yaani walishindana kama watoto na mbuzi wa watu wakakimbia. Kisha njia ikaanza kupanda. Njia ile ni ya jeep, malori na miguu, na kila mtu anajua. Hawa wawili walijua kuliko wengi, maana utotoni waliipanda wakitumwa kwa shangazi. Lakini nani angesema kwanza kwamba gari lake haliwezi?

Katikati ya kilima gari la Achille lilipunguza mwendo, likawasha taa nyekundu, likanyamaza. Gédéon aliliona kwenye kioo. Alifurahi mno, akaachia usukani ili apige makofi, na jiwe likalipasua gari lake tumboni. Oili ikamwagika yote njiani.

"Papa anangoja," Jolie alisema aliposhuka.

Hakuna aliyemsikia. Achille alikuwa anaeleza kwamba lake halijafa, limepumzika tu. Gédéon alikuwa anaeleza kwamba jiwe si kosa la gari. Ikatokea pikipiki kutoka chini, dereva wake kijana wa Lemera aitwaye Michée. Jolie akaisimamisha, akapanda, akawaacha na kesi yao.

Alimkuta baba yake ameketi mlangoni, suti ya kahawia, kofia, viatu vimepigwa rangi, uso kuelekea barabarani. Shangazi Florentine alikuwa amemshika bega.

"Pickup ya mihogo ilisimama hapa asubuhi imupeleke Uvira," alisema shangazi kwa uchungu. "Akaifukuza. Eti watoto wake wako wanakuja na magari hata wakubwa wa Bukavu hawana."

Mzee alifumbua macho. "Ya nani iko mbele?"

"Zote mbili, Papa. Zimefuatana."

Alitabasamu. Jolie alilichukia tabasamu hilo, maana ndilo lilelile la kaka zake, na sasa alijua walilitoa wapi. Shangazi alipoleta maji, mzee alikuwa ameshakata roho.

Jolie alilia mpaka Michée alipokohoa kwa heshima. Gari lingine halikuwapo. "Dada, tumukalishe katikati," alisema. "Tunafanyaka hivyo."

Wakamkalisha katikati, na kofia yake. Jolie akamfunga kwa kitenge kwenye mgongo wa Michée, akakaa nyuma yake akimshikilia kifuani, wakateremka polepole.

Kaka zake walikuwa palepale, Achille akifuta vumbi kwenye gari lake, Gédéon ameinama chini ya lake. Walipomwona mzee anakuja wima ndani ya suti yake, nyuso zao zikachangamka. Gédéon akakimbia kandokando ya pikipiki.

"Papa, uamue weye mwenyewe! Ya Achille ndiyo ilikufa ya kwanza, si ndiyo?"

Gurudumu likapanda lile jiwe lililopasua gari, likashuka. Kichwa cha mzee kikainuka, kikaanguka kifuani.

"Umeona?" Gédéon alimwambia kaka yake, huku akicheka. "Papa amekubali."

Jolie alikaza kitenge, akamwambia Michée asisimame.