Pigo la Tano la Delphie

Haya alinisimulia Orlena Stamper tukimenya maharage barazani kwake, mwaka ule mto ulipopanda hadi kwenye viti vya kanisa. Yeye alikuwepo, na si mtu wa kuongeza chumvi ila kwenye chungu.

Wifi yake, Delphie, alipiga besi, ile ya kusimama inayompita mtu kimo, miaka kumi na tisa katika bendi ya blugrasi, muziki wa nyuzi wa milimani, ya kaka yake Hobart, mume wa Orlena. Alipewa kwa sababu hakuna aliyeitaka. Milimani kwetu banjo ni ya fundi, fidla ni ya mwenye maringo, besi ni ya dada mtu: avae vizuri, atabasamu, asipoteze mapigo. Blugrasi haina ngoma. Wote husimama juu ya besi, lakini nani huisifu sakafu?

Ikafika siku ya kurekodi santuri mjini, ya kwanza, na pengine ya mwisho. Bwana wa studio akamtazama Delphie, akasema, "Mama, wewe pumzika. Nimeita mtaalamu wa besi."

Hobart akaangalia viatu vyake. Delphie akaenda kuketi kando ya Orlena. Kama asingesikika kwenye santuri ile, miaka kumi na tisa ingekuwa kama haikuwahi kuwapo.

"Wifi, si useme kitu!" Orlena akamnong'oneza.

"Ngoja nisikie kwanza."

Mtaalamu alikuwa mtu nadhifu, vidole vyepesi kweli. Wakaanza wimbo wa marehemu mama yao. Kwenye mstari wa tatu wakagongana kama ndoo kisimani. Wakarudia, vilevile. Mara ya nne mpiga banjo akavua kucha za chuma anazopigia nyuzi, akazitupa chini.

"Unaharakisha wewe!" Hobart akamfokea mtaalamu.

"Mimi nahesabu nne, bwana. Wewe unahesabu ngapi?"

Hobart hajawahi kuhesabu maishani mwake.

Delphie ndiye aliyejibu, palepale alipoketi. "Hapo pana pigo la tano. Mama aliuimba akisukasuka maziwa, na hapo ndipo alipofunua kifuniko kuangalia siagi. Sisi watoto tukadhani ndivyo wimbo ulivyo."

Mtaalamu akacheka hadi akafuta macho. Akamletea besi mwenyewe. "Shika, mama. Hili halifundishwi shuleni."

"Haya dada, rudi mahali pako," Hobart akasema.

"Mahali pangu ni wapi, Hobart? Sema, na huyu bwana wa studio asikie."

Hobart akamgeukia. "Ni pale tunaposimama sote. Bila wewe tunaanguka, si umeona? Bwana, andika jina lake kwenye santuri."

Walipiga mara moja tu. Orlena anasema lilipofika lile pigo, chumba kizima kilimsubiri Delphie, naye akaliweka taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Hakuna aliyeomba kurudia.

Walifika nyumbani jua lingali juu ya kilima. Hobart akalala sofani na buti zake. Delphie akala mkate wa mahindi na vitunguu, akajinyoosha, akakoroma kuliko kaka yake. Orlena akafunika chakula, akawasikiliza kidogo, naye akalala.